Kivinjari cha Zawadi

Asubuhi mtaani Shiro Meda huanza kwa mlio wa mitambo ya kufumia nguo. Taka-taka, taka-taka. Kila ua una mfumaji wake, na kila mfumaji ana mlio wake. Bizunesh aliutambua mlio wa mumewe, Gezahegn, hata akiwa mbali kwenye bomba la maji. Ulikuwa mlio wa haraka, usioyumba, kama moyo wa mtu mzima wa afya.

Lakini mwaka ule mlio ulianza kusita. Taka. Kimya. Taka. Kimya tena. Gezahegn alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikaa kwenye shimo lake la kufumia, miguu chini, akiupapasa uzi kwa vidole kama mtu aliyeangusha sindano gizani. Shuka jeupe aliliweza bado. Taraza ya rangi, ule ukingo wa shuka, ndiyo iliyomshinda. Alitia kijani akidhani anatia buluu.

Bizunesh aliona, akanyamaza. Mashuka yaliyokosewa aliyakunja, akayatia sandukuni, akafunga. Kisha akakaa mlangoni kusokota pamba, midomo yake ikimwomba Mungu bila sauti.

Siku moja nesi wa kituo cha afya akawapa karatasi.

"Madaktari wa macho wanakuja mjini," alisema. "Wanapasua bure. Ila hawapokei watu mlangoni. Jina linaandikishwa kwenye tovuti yao, pamoja na picha ya karatasi hii. Mwisho ni Ijumaa, jua likizama. Wakimaliza hapa wanakwenda mikoani, na sijui lini watarudi."

Bizunesh alikuwa na simu. Kusoma alijua, polepole, kidole chini ya herufi. Akajaribu Jumatano. Akajaribu Alhamisi. Kila alipofungua, simu ilimwonyesha tangazo la viatu. Akifunga viatu, inakuja dawa ya nywele. Akifunga dawa, inakuja picha nyekundu inayopiga kelele: "Simu yako ina ugonjwa! Bonyeza hapa uponywe!" Na alipofika kwenye ukurasa wa madaktari, akajaza jina la mumewe, kitufe cha kutuma hakikusogea. Bando likaisha. Akaongeza. Likaisha tena.

"Acha, mke wangu," Gezahegn alisema Ijumaa mchana. "Pengine Mungu hataki."

"Mungu hajasema hataki," Bizunesh akajibu. "Iliyokataa ni simu."

Alasiri akawasha mkaa, akakaanga kahawa. Harufu ikawaita majirani kabla hajawaita yeye. Wa kwanza kuingia alikuwa Aselefech, muuza pilipili, mwenye sauti ya kufika kabla ya mwili. Nyuma yake akaja Tirhas, mpangaji wa chumba cha mwisho. Tirhas alikuwa na kibanda barabarani cha kuchapa barua na kutoa nakala. Kutwa nzima aliwajazia watu fomu za mtandaoni.

"Emama Bizunesh, mbona uso umefunga kama duka siku ya sikukuu?" Tirhas aliuliza.

Bizunesh akaeleza yote, akampa simu. Tirhas akaitazama, viatu vikatokea. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Kivinjari hiki umekitoa wapi?"

"Kivinjari ni nini?" Gezahegn akauliza kutoka shimoni.

"Gashe, mzee wangu, mtandao ni soko kubwa. Tovuti ni duka ndani ya soko. Kivinjari ni ile programu unayoituma ikakufungulie duka na kukuletea ukurasa. Ni mjumbe wako. Na wajumbe hawafanani. Yupo mwepesi, yupo mzito, yupo anayetunza siri, yupo anayesimama kila kona kusimulia umemtuma nini. Emama, huyu ulimpata wapi?"

Bizunesh akamimina kahawa, macho chini. Hakutaka kusema. Katika ua ule, kitu alichokupa jirani hukirudishi na hukitupi.

"Kwangu!" Aselefech akasema kwa fahari. "Nilimrushia mimi, simu kwa simu, bila kutumia bando. Mimi nilipewa na shemeji, shemeji alipewa na dereva wa lori la kwenda Dessie."

"Basi hicho kivinjari kimetembea kuliko mimi," Gezahegn akasema. Wakacheka wote.

Tirhas alisubiri kicheko kiishe. "Hapo ndipo penye tatizo, Emama Aselefech. Kimepita mikono mingi, na hatujui nani alitia nini njiani. Tena ni cha zamani. Kivinjari kizuri watengenezaji wake hukirekebisha kila mara, kama paa linavyozibwa kila linapovuja. Hiki hakijazibwa miaka. Na ile picha nyekundu ni mtego. Simu haiugui kwa kuambiwa na tangazo."

Aselefech akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo nimempa mwenzangu mwizi?"

"Umempa ulichopewa," Bizunesh akasema haraka. "Kunywa kahawa."

"Basi tuambie kilicho bora, tukichukue," Aselefech akasema. "Jua linakwenda."

Tirhas akafungua kinywa, lakini Gezahegn akawahi. "Hapana. Mimi uzi sinunui kwa maneno ya mtu, hata awe mtu mwema. Nauvuta, naulowesha, nauweka kwenye mwanga. Nyuzi zote, jaribio moja. Hapo ndipo najua upi wa shuka na upi wa kufungia mizigo."

Tirhas akamtazama mzee yule na macho yake yaliyofunga ukungu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Gashe, nimejaza fomu za watu miaka mingapi, hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Haya. Tuvivute vyote kwa kazi moja: ukurasa wa madaktari."

Kwenye simu mlikuwa na kivinjari kingine chenye alama ya unyoya, ambacho Bizunesh hakuwahi kukigusa. Tirhas akamrushia mtandao kutoka simu yake. Ukurasa ukafunguka kufumba na kufumbua. Maneno matupu, bila mapambo, na bando halikuguswa sana.

"Huyo!" Aselefech akapiga kofi. "Kazi imeisha!"

"Ngoja, tutume na picha ya karatasi." Bizunesh akatafuta juu, akatafuta chini. Mahali pa kuweka picha hapakuwepo.

"Ndiyo namna yake," Tirhas akasema. "Huyu huokoa bando kwa kupeleka ukurasa kwanza kwenye mashine za watengenezaji wake. Wanaubana, kama wewe unavyokunja shuka liingie kwenye mfuko, kisha wanakuletea. Kwa kusoma habari na masomo ya Jumapili, simpati mwingine kama yeye. Lakini fomu ikibanwa hukunjika vibaya. Na mzigo unaofunguliwa njiani usiutie siri. Neno lako la siri la benki, kwa mfano, usimpe."

Kikombe cha pili kikamiminwa. Wakajaribu kivinjari kilichokuja na simu, chenye alama ya duara. Hicho kilikuwa na kila kitu: mahali pa jina, mahali pa picha. Bizunesh akaipiga picha karatasi, akaiweka. Duara dogo likaanza kuzunguka. Likazunguka. Simu ikawa ya moto mkononi.

"Linazunguka kama mgeni anayeaga lakini haondoki," Aselefech akanong'ona.

"Si kibaya," Tirhas akasema. "Kwenye simu mpya ningekuachia hiki hiki. Ila ni kizito, na simu yako ni ya zamani."

Ukurasa ukazimika wenyewe. Ukutani, mwanga wa jua ulikuwa umepanda karibu na dari. Bizunesh akasimama, akavuta shuka lake begani.

"Nakwenda mjini. Nitamtafuta huyo nesi, nimpigie magoti."

"Keti," Gezahegn akasema kwa upole. "Kikombe cha tatu bado. Nani ameondoka kabla ya kikombe cha baraka akapata baraka?"

Akaketi, akapepea mkaa.

"Kuna kimoja ninachokitumia kibandani," Tirhas akasema. "Alama yake ni ngao. Huzuia matangazo na wale wanaokufuata nyuma kuona unasoma nini. Kwa kuwa matangazo hayaingii, hata bando linapona. Tutakichukua kwenye duka la programu la simu yenyewe, si mkononi kwa mtu. Na tutasoma jina la mtengenezaji, maana wapo wanaoiga alama." Akabonyeza. Simu ikakataa. "Imejaa, Emama. Ondoa kitu."

Kitu kikubwa kilichokuwamo kilikuwa kile kivinjari cha Aselefech. Bizunesh alikiona. Kidole chake kikasimama juu yake, kikaondoka.

"Nitafuta picha za harusi ya binti yangu," alisema. "Ninazo moyoni."

Mkaa ukalia. Aselefech akamtazama Bizunesh, akamtazama Gezahegn aliyekuwa ameinamisha kichwa, akaelewa.

"We mwanamke!" akafoka. "Ufute uso wa mwanao kwa ajili ya kitu cha dereva wa lori? Nilikupa programu, sikukupa mahari! Mimi zawadi yangu kwako ni pilipili, na hiyo ulishaila. Futa! Ukimaliza, nifutie na kwangu."

Bizunesh akacheka huku machozi yakimtoka. Akafuta.

Chenye ngao kikaingia. Kikaomba kijue mahali alipo.

"Kataa," Tirhas akasema. "Kufungua ukurasa hakuhitaji kujua umekaa wapi. Programu ikikuomba kitu, jiulize: kwa kazi hii, inakihitaji?"

Ukurasa wa madaktari ukafunguka, mzima na msafi. Hakuna viatu. Hakuna dawa ya nywele.

"Unaona kufuli hapo juu? Maana yake njiani hakuna anayechungulia. Lakini kufuli halisemi kwamba mwenye duka ni mwaminifu. Kwa hiyo jina la tovuti tulisome, herufi kwa herufi, tulilinganishe na la kwenye karatasi."

Bizunesh akasoma, kidole chini ya kila herufi. Hakuna aliyemharakisha, ingawa mwanga ukutani ulikuwa mstari mwembamba tu. Yalilingana. Akajaza jina. Akaweka picha. Tirhas akaiachia simu, ambayo alikuwa amemshikia upande mmoja.

"Bonyeza wewe. Mume ni wako."

Akabonyeza. Wakangoja. Kisha yakatokea maneno machache na namba: "Tumepokea. Njoo na namba hii."

Aselefech akapiga vigelegele mpaka ua wa jirani ukauliza nani amezaa. Bizunesh akamimina kikombe cha tatu, cha kwanza akampelekea mumewe shimoni, akamwekea mkononi. Gezahegn akaomba baraka kwa nyumba, kwa wageni, na kwa "huyu binti Tirhas, anayejua mengi na hamcheki asiyejua." Wote wakaitikia amina.

Madaktari walimpasua jicho moja, kisha la pili. Siku bandeji ilipotoka mara ya mwisho, Gezahegn alirudi nyumbani akitembea mbele ya mkewe, akisoma vibao vya maduka kwa sauti kama mtoto wa shule. Alipofika ndani alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akalifungua aone kazi yake. Bizunesh alichelewa kumzuia.

Akatoa shuka moja, akalitazama. Akatoa la pili. Taraza ilianza buluu, ikaendelea kijani, ikarudi buluu kama mlevi anayetafuta njia.

"Nani amefuma takataka hii?"

"Mzee mmoja," Bizunesh akajibu. "Namheshimu sana, ndiyo maana sikumwambia."

Gezahegn akaliweka shuka magotini. Kisha akacheka, akaufuta uso kwa pembe yake. "Na wewe ukayatunza."

"Nilijua mwenyewe atakuja kuyafumua."

Siku hizi kwenye simu ya Bizunesh kuna vivinjari viwili anavyovitumia. Cha unyoya anasomea habari na masomo ya Jumapili. Cha ngao anakitumia kwa mambo ya hospitali na benki. Simu inapomwambia kuna marekebisho mapya, hachelewi kuyachukua. Jirani akiazima simu yake kuingia kwenye mambo yake, anamfungulia ukurasa wa faragha, ule usiokumbuka, ili siri ya mtu isibaki kwenye simu ya mtu mwingine.

Juzi Aselefech aliingia mbio na simu mkononi. "Bizunesh! Nimepewa kitu kizuri, kinafungua kila tovuti, nikurushie?"

Bizunesh akampa kigoda, akaweka birika la kahawa kwenye mkaa.

"Keti kwanza, mwenzangu," alisema. "Tukivute."

Shimoni, Gezahegn alishika uzi mpya wa buluu, akaunyoosha mbele ya mwanga wa mlango, akauvuta. Uzi haukukatika. Akautia kwenye taraza ya shuka analomfumia Tirhas, na mlio ukaanza tena: taka-taka, taka-taka, bila kusita.