Yanrong Apanda Mnara

Dou Caixia na mumewe, Qiao Debao, walikuwa wakulima wa matikiti huko Guazhou, kaskazini-magharibi mwa China. Kiangazi, jua la Guazhou halina mchezo, kwa hiyo waliingia shambani alfajiri. Binti yao wa pekee, Yanrong, alikwenda nao. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Kazi yake ilikuwa kuyageuza matikiti, moja moja, ili yaive pande zote.

Nyuma ya shamba lao jangwa la kokoto lilianza. Huko mitambo ya upepo ilisimama safu kwa safu, mirefu na myeupe, mpaka macho yanapokoma. Caixia aliizoea. Kwake ilikuwa kama mawingu: ipo tu.

Asubuhi moja matokeo ya mtihani wa kuingia sekondari ya juu yalitoka. Yanrong aliyasoma kwenye simu ya baba yake, amechuchumaa katikati ya shamba.

"Sikufikisha alama," alisema. Akamrudishia baba simu, akaendelea kugeuza matikiti.

Caixia akasogea, akageuza matikiti kando yake.

Jioni walikula tambi uani. Debao alizungumza akiangalia bakuli lake.

"Jumatatu wakala anakuja kuchukua wasichana wa kwenda viwandani, kusini. Nimemwambia atuwekee nafasi."

"Baba Yanrong, mtoto bado hajafikisha miaka kumi na sita."

"Wakala ana kitambulisho cha msichana mkubwa kidogo. Wanafanana. Kila mtu anafanya hivyo."

Yanrong hakuinua kichwa. Aliacha kula.

Wakati huo Zhuo Lifang alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Alikuwa jirani yao, amepanga chumba nyumba ya pili. Alikuwa fundi wa mitambo ya upepo. Alikuja kuomba siki.

"Samahanini, nimesikia," alisema. "Mzee Qiao, naomba nikuulize. Mashine ikimkata kidole, atakuwa amekatwa nani? Yanrong, au huyo mwenye kitambulisho?"

Debao aliweka bakuli chini.

"Hospitali watamwandika nani?" Lifang aliendelea. "Kiwanda kitasema hakimjui. Na sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka kumi na sita. Huyo wakala anajua vizuri. Ndiyo maana anatafuta wanaofanana."

"Basi afanye nini, Dada Zhuo?" Caixia aliuliza. "Shule imemkataa."

"Imemkataa shule moja. Kuna shule za ufundi."

Debao akacheka kidogo, bila furaha. "Hizo ni za walioshindwa."

"Ni kweli, mimi nilishindwa," Lifang alisema. "Mwalimu wangu wa hesabu alinionea huruma mpaka akaacha kunigombeza. Kisha nikaenda shule ya ufundi. Huko hesabu ikawa na vyuma vya kushika, nikaielewa."

Caixia akamsogezea kigoda. Lifang akakaa, akaisahau siki.

Alieleza polepole. Mtoto wa kijijini halipi ada ya masomo katika shule ya ufundi ya serikali. Cha kuulizia ni chakula na bweni, na familia zenye hali ngumu zinaweza kuomba msaada. Tena njia haikomi hapo. Anayemaliza anaweza kufanya mtihani mwingine na kwenda chuo.

"Lakini fungueni macho," alisema. "Kuna shule nyingine zinajiita shule tu. Zinawapeleka watoto viwandani kufunga maboksi, halafu zinasema hayo ndiyo mafunzo. Mkifika, msimsikilize mkuu wa shule peke yake. Mtafuteni mwanafunzi. Muulizeni: jana ulifanya nini kwa mikono yako?"

Jumamosi Caixia, Debao na Yanrong wakapanda basi kwenda kuziona shule za ufundi.

Shule ya kwanza ilikuwa na geti zuri na chemchemi ya maji mbele. Bwana mmoja mwenye suti aliwapokea kwa tabasamu, akamkaribisha Debao chai. Debao alifurahi. Ni nadra mtu wa suti kumkaribisha chai.

Caixia alibaki nje na Yanrong. Akamwona msichana anafagia.

"Mwanangu, unasomea nini hapa?"

"Malezi ya watoto wadogo, shangazi."

"Na jana ulifanya nini kwa mikono yako?"

Msichana akatazama geti kwanza. "Jana nilifagia. Muhula uliopita tulipelekwa kiwandani kufunga skrubu za simu. Walisema ni mafunzo kwa vitendo."

"Watoto wadogo mliwaona?"

"Kwenye televisheni."

Caixia aliingia ndani, akamgusa mumewe begani. "Baba Yanrong, twende."

"Sijamaliza chai."

"Nyumbani kuna chai."

Shule ya pili haikuwa na chemchemi. Geti lake lilikuwa limepauka rangi. Lakini walipozunguka jengo la kwanza, Caixia alisimama ghafla.

Uwanjani kulikuwa na kitu cheupe kimelala chini, kikubwa kuliko nyumba yake. Kilikuwa na mlango ubavuni. Kando yake lilikuwa limelazwa panga moja la mtambo wa upepo. Lilianzia karibu na miguu yao, likaenda, likapita karakana, likapita bweni, likaendelea tu. Mtu aliyekuwa akitembea kwenye ncha yake alionekana mdogo.

"Hiki ni nini?" Debao aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia hekaluni.

Msichana mwenye grisi mpaka kwenye viwiko alitoka kwenye ule mlango. "Ni kichwa cha mtambo, mzee. Ndicho kinachokaa juu ya mnara. Hiki tunajifunzia."

"Jana ulifanya nini kwa mikono yako?" Yanrong ndiye aliyeuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno tangu asubuhi.

"Tulifungua breki, tukairudisha. Tulikosea. Tukafungua tena. Njoo uone."

Yanrong akaingia. Caixia akamfuata, ameinama.

Ndani kulikuwa na gia kubwa kama mawe ya kusagia, zimeshikana meno kwa meno. Mhimili mzito wa chuma ulipita katikati. Nyaya zilikuwa nyingi kama mizizi ya mti mkubwa. Caixia aliweka kiganja kwenye gia. Ilikuwa ya baridi na laini. Miaka yote alidhani vile vitu vinazungushwa na upepo tu, kama jani. Hakujua kwamba kule juu kuna chumba, na kwamba watu huingia humo na kuijua kila skrubu.

Akamtazama binti yake. Yanrong alikuwa amefungua mdomo kidogo. Alikuwa anafuata gia kwa kidole, moja hadi nyingine, akitafuta ipi inaisukuma ipi.

Jumatatu wakala alikuja na gari lake. Debao alimkuta barabarani.

"Binti yangu ana miaka kumi na mitano," alimwambia. "Haendi. Anakwenda kusomea mitambo ya upepo."

Wakala akacheka. "Msichana wa kupanda nguzo? Nani atamwoa?"

"Atakayeweza kumfuata huko juu," Debao alisema, akarudi shambani.

Haikuwa rahisi. Sikukuu ya mwaka mpya ndugu waliuliza, "Anasoma wapi?" Wakijibiwa, walibadilisha mazungumzo. Mara ya kwanza kupanda mnara wa mazoezi, Yanrong alifika katikati, akakumbatia ngazi, akalia. Mwalimu hakumharakisha. Yanrong alishuka, na wiki iliyofuata akapanda tena. Alipomaliza shule, alifaulu mtihani wa chuo. Chuo nacho akakimaliza, akaajiriwa kuwa fundi wa mitambo ile ya nyuma ya shamba lao.

Mwaka mmoja, majira ya kuchipua, baada ya dhoruba kubwa ya mchanga, mtambo mmoja ulisimama. Yanrong alitumwa kuutengeneza pamoja na mwenzake. Akawaita wazazi wake waje waangalie kwa mbali.

Walimwona akivaa mkanda wa usalama na kofia nyekundu. Akaingia kwenye mlango mdogo chini ya mnara. Walingoja sana. Kisha juu kabisa, mgongoni mwa ule mtambo mweupe, nukta nyekundu ikatokea.

Simu ya Caixia ikalia.

"Mama, naona theluji ya Milima ya Qilian. Shamba letu ni dogo kama kiberiti."

"Umejifunga vizuri?"

"Mara mbili."

"Basi usizungumze na simu. Fanya kazi yako."

Mchana Yanrong alishuka, uso umejaa vumbi. Akafungua kabati la chuma lenye swichi chini ya mnara. "Rudini nyuma," alisema. Akabonyeza kitufe.

Mwanzo hakuna kilichotokea. Kisha juu kukasikika mguno mzito. Panga moja likajisogeza, polepole, kama mtu anayeamka. La pili likafuata. Kivuli chake kikapita juu ya kokoto, kikampita Debao, kikampita Caixia, kikaenda.

"Mama Yanrong," Debao alisema, "umeona?"

Caixia alikuwa ameinua uso, na kivuli kingine kilikuwa kinakuja.