Kompyuta Iliyokula Pumba

Hezroni anaendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Bondeni, Kyela mjini. Mashine si yake, lakini ukimsikia anavyoizungumzia utadhani ameizaa. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajateremsha gunia, yeye huizunguka. Husafisha chekecheke, hupangusa mota, hukaza mkanda. Ndiyo maana watu humwamini na mpunga wao.

Nyumba yake iko nyuma ya banda la mashine. Chumba cha mbele kinapakana na banda, ukuta kwa ukuta. Humo kuna kompyuta ya mezani. Aliinunua Mbeya ikiwa imeshatumika, mwaka ambao binti yake Kisa alianza kidato cha kwanza. Alisema ni ya masomo. Haikupita wiki, baba na binti walikuwa wanacheza gemu la mpira.

Watu waliwacheka sana. "Mzee mzima anagombania penati na mtoto!" Hezroni hakujali, kwa sababu alikuwa amegundua jambo. Kisa alikuwa mtoto wa maneno machache. Mezani alijibu "ndiyo" na "hapana", basi. Lakini akishika kidude cha vitufe vya gemu, macho kwenye mpira, mdomo ulifunguka wenyewe. Hapo ndipo alipomwambia baba yake kwamba amefeli hesabu. Hapo ndipo alipomwambia kwamba anataka kusomea uuguzi. Mambo yote makubwa ya nyumba ile yalisemwa mpira ukiendelea.

Miaka minane ikapita. Kisa akamaliza chuo cha uuguzi, na ajira ikatoka. Alipangiwa zahanati moja huko Bariadi, mkoa wa Simiyu. Barua ilisema aripoti ndani ya siku kumi na nne. Safari peke yake ni siku mbili. Na akishaenda, kurudi ni mpaka apate likizo.

Siku alipofika nyumbani kuaga, mama yake, Veronika, alipika mbalaga, zile ndizi za Kinyakyusa, kwa samaki wa ziwani. Walipomaliza kula, Kisa akasema, "Baba, twende tukacheze."

Kompyuta ilichukua muda mrefu kuwaka. Gemu likafunguka kwa shida. Mchezaji anakimbia, mara anaganda. Anakimbia tena, mara anaganda. Feni ikawa inalia kwa nguvu. Kisha pu! Kompyuta ikazima. Wakaiwasha, ikazima tena.

"Imezeeka," Hezroni akasema.

"Tuache hili, baba. Tufungue lile gemu dogo la zamani. Lile halisumbui."

"Lile la kitoto?"

"Mimi sina shida na gemu lolote. Nina jambo nataka tuongee."

Hezroni akampigapiga begani. "Subiri kidogo, mwanangu. Niitengeneze kwanza. Tutacheza kama watu, na tutaongea vizuri."

Kisa akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amezoea kumwamini baba yake kwenye mambo ya mashine.

Hezroni alilala akiwaza kama fundi wa kinu. Mashine ya mpunga ikilemewa, dawa yake ni mota kubwa. Tajiri wake alifanya hivyo miaka miwili iliyopita, na mpunga ukaanza kumiminika. Sasa kompyuta nayo mota yake ni ipi? Akatazama video kwenye simu. Video ikamwambia kwamba kinachoendesha gemu ni kadi ya picha. Basi. Akachukua pesa alizoweka kwa ajili ya mabati, akapanda gari la Mbeya.

Muuzaji alimtolea kadi ndefu yenye feni mbili. "Hii ndiyo kiboko yao, mzee wangu. Ila mali ikishatoka hairudi."

Hakumuuliza ana kompyuta gani. Hezroni naye hakuuliza kama itaingia kwenye kompyuta yake. Alilipa laki mbili na themanini, akarudi Kyela anapiga mluzi.

Kadi haikuenea. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyokuwapo. Hezroni akachukua koleo, akakunja kipande cha bati ndani ya kasha, akaisukuma mpaka ikaingia. Waya wa umeme wa kadi nao haukuwa na pa kuchomekwa, akaunga na waya mwingine. Akawasha. Kompyuta ikanguruma kwa dakika moja hivi. Halafu ukasikika mlio mkali, na harufu ya kuungua ikajaa chumba.

"Baba Kisa!" Veronika aliita kutoka jikoni. "Nini kinaungua huko?"

"Hakuna kitu!"

Hiyo ilikuwa siku ya nne kati ya zile kumi na nne. Na hapo ndipo Hezroni alipokosea kabisa. Kuharibu kifaa ni ajali, humpata yeyote. Lakini yeye aliona aibu, akaficha. Kila alipotoka kazini alijifungia chumbani na bisibisi. Alifungua, akafunga. Alichomoa waya huu, akachomeka ule. Hakujua anatafuta nini, ila alitafuta kwa bidii.

Siku ya saba Kisa alibisha hodi. "Baba, nikushikie tochi?"

"Hapana, kapumzike. Nakaribia kumaliza."

Kisa alisimama mlangoni kwa muda. Hezroni aliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Kisha kivuli kikaondoka.

Usiku huo Veronika hakumumunya maneno. "Mtoto amekuja kukuaga wewe, hakuja kuaga kompyuta."

"Si ndiyo namtengenezea yeye!"

"Anakaa peke yake uani, hasemi. Mimi nikimuuliza anasema hakuna kitu. Kuna kitu, Baba Kisa. Na mimi haniambii."

Hezroni alijua mkewe anasema kweli. Akajiambia kesho. Kesho ikawa na mpunga mwingi, na keshokutwa ikawa hivyohivyo.

Siku ya kumi na moja, Jovina alileta madebe mawili ya mpunga. Jovina ana duka la kutoa kopi na kuprinti ng'ambo ya barabara. Kwao ni Kagera. Alifika Kyela kumfuata mumewe, Oswald, aliyehamishiwa kazi katika hospitali ya hapa. Hezroni alimjua kama mama wa kopi, hakuwahi kuwaza zaidi ya hapo. Veronika ndiye aliyemwaga mchele kwenye kuku wengi. Alimweleza Jovina kila kitu mbele ya wateja: gemu, kadi, harufu, mlango uliofungwa.

Jovina hakucheka. "Mimi nilisomea ufundi wa kompyuta miaka miwili, Baba Kisa. Twende nikaione."

Walipoingia, kitu cha kwanza Jovina alichokitazama hakikuwa kompyuta. Alitazama ukuta. Juu, karibu na dari, kulikuwa na matundu ya hewa yanayotazama banda la mashine. Akapitisha kidole mezani. Kidole kikatoka na vumbi la rangi ya kahawia.

"Hii ni pumba," akasema.

"Pumba ziko kila mahali hapa, mama."

"Na huku ndani je?" Alichomoa waya ukutani kwanza. Akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Ndipo akafungua. Akachomoa feni moja ndogo, akamwonyesha bamba la chuma lililokuwa chini yake. Huwezi kuona chuma. Pumba na vumbi la miaka minane vilikuwa vimeshikamana na kuwa tandiko nene.

"Hili bamba ndilo linalopoza prosesa," Jovina akaeleza. "Prosesa ni mahali kompyuta inapofikiria. Inapofikiria, inapata joto. Feni inapuliza hewa, joto linatoka. Sasa hapa hewa ingepita wapi? Ikizidi joto inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Ndiyo kule kuganda. Ikishindwa kabisa, inajizima."

Hezroni aliangalia lile tandiko la pumba. Yeye, ambaye husafisha chekecheke kila asubuhi ya Mungu. Yeye, ambaye hufokea wasaidizi wakiacha vumbi kwenye mota. Hakuwahi kuifungua kompyuta hii hata mara moja.

"Kwa hiyo haikuwa imezeeka?"

"Imezeeka, lakini haikuwa imekufa. Ilikuwa inahitaji brashi, na dawa mpya ya kupitishia joto kati ya prosesa na bamba. Kazi ya saa moja. Ungeniita siku ile ya kwanza, mngecheza jioni ileile."

Hezroni alikaa kwenye kiti. Maneno hayo yalimkata maini.

"Na kadi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kadi ni nzuri, ila si ya kompyuta hii. Soma hapa." Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kiboksi cha chuma. "Hiki ndicho kinachogawa umeme ndani. Tunakiita pawasaplai. Hiki ni cha wati mia mbili na arobaini. Kadi uliyonunua inataka pawasaplai ya wati mia nne na hamsini au zaidi. Umekibebesha mzigo usio wake, kimeungua. Bahati yako bodi kuu imepona."

"Mimi nilidhani ukiweka mota kubwa..."

"Hata kwenye kinu, Baba Kisa, ukiweka mota kubwa bila kubadilisha nyaya za umeme si utaunguza banda?"

Hezroni alikubali. Jambo hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote Bondeni.

"Mwenye pesa kidogo hatakiwi kuanza na kununua," Jovina akaendelea. "Anaanza na kutazama. Safisha. Halafu washa gemu, utazame nini kimejaa. Kompyuta yenyewe inakuonyesha. Hii yako ina RAM ndogo sana. RAM ni kama meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, kila saa unashusha kitu hiki ili upandishe kile. Tutaongeza, ila lazima iwe ya aina inayoingia kwenye bodi hii. Diski nayo ni ile ya zamani ya kuzunguka. Tukiweka SSD, diski mpya isiyozunguka, itawaka haraka. Vyote viwili haviifikii bei ya kadi yako. Kadi ni ya mwisho, tena baada ya kupima urefu wa kasha na kusoma wati."

"Leo tunaweza?"

"Kusafisha, ndiyo. Lakini pawasaplai ya umbo hili Mbeya hakuna. Naagiza Dar es Salaam. Siku tatu kwa basi."

Kisa alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri, na jioni ile nyumba ilijaa majirani waliokuja kumuaga.

Stendi ya Kyela palikuwa na mvua nyembamba. Hezroni alimbebea binti yake begi mpaka mlangoni mwa basi. Akamuuliza, "Lile jambo, mwanangu. Ulisema una jambo."

Kisa alitazama watu waliokuwa wanasukumana na magunia. "Si la kuongelea stendi, baba."

"Basi nipigie simu."

"Nitapiga." Akapanda.

Alipiga, kweli. Alisema amefika salama na kwamba Bariadi kuna upepo. Lile jambo hakulisema, na Hezroni hakujua amchokonoe vipi kwenye simu.

Pawasaplai ilifika Jumatatu. Jovina akaifunga, akaweka RAM na SSD. Kadi wakaiuza kwa mtu anayehariri video za harusi, kwa nusu ya bei. Hezroni akaziba yale matundu kwa wavu mwembamba, akahamishia meza upande wa pili wa chumba. Akanunua stebilaiza, kwa sababu mota ya kinu ikiwashwa umeme wa nyumba nzima hushuka. Kompyuta sasa iliwaka upesi, na gemu lilikimbia bila kuganda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi aliichomoa, akaifungua, akaipiga brashi. Akipangusa feni aliishika kwa kidole isizunguke, kama alivyofundishwa.

"Ndaga fijo, mama," alimwambia Jovina. Asante sana.

Majirani wakaanza kumwuliza ushauri wa kompyuta zao. Jibu lake lilikuwa moja. "Usinunue chochote. Fungua kwanza. Na kama hujui, kaulize ng'ambo ya barabara." Walimsifu kwa busara. Yeye hakujisikia mwenye busara hata kidogo.

Mwaka ulipopita, Kisa alikuja likizo. Amenenepa kidogo, anacheka kwa sauti. Jioni ileile wakakaa mbele ya kompyuta. Mpira ukaanza. Kisa alifunga goli, akafunga la pili.

"Ile siku ulitaka kuniambia nini?" Hezroni akauliza, macho kwenye mpira.

"Aa, yalishapita, baba."

"Niambie tu."

Kisa alisema huku anacheza. Alipokuwa mafunzoni, mama mmoja alimfia mikononi wakati wa kujifungua. Tangu hapo aliogopa. Alikuwa anafikiria kuikataa ajira. Alitaka amuulize baba yake, aende au asiende. Miezi mitatu ya kwanza Bariadi alilia kila alipopangiwa zamu. Mwishowe alimweleza muuguzi mmoja mkubwa, Marystella, ambaye alikaa naye zamu mpaka woga ukamtoka. Alisimulia taratibu, bila machozi, kama habari iliyokwisha zamani.

Hezroni aliweka kidude mezani. Mchezaji wake akasimama katikati ya uwanja.

"Mwanangu. Yote hayo, na mimi nilikuwa wapi?"

Kisa alimgeukia. "Ulikuwa humuhumu chumbani, baba. Na bisibisi."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.