Tunda Linaloelea

Maji yalipokupwa, Atim alishuka na beseni lake kuokota konokono kwenye mizizi ya mikoko. Konokono hao ndio chakula chake na cha mama mkwe wake, Mma Ekanem. Waliobaki aliwauza sokoni. Siku hiyo beseni halikufika hata nusu. Minipa, ile minazi mifupi ya matopeni, ilikuwa imesonga mikoko, na konokono hawakai kwenye minipa.

"Ulikwenda kuokota au kupiga soga?" Mma Ekanem aliuliza.

"Mikoko inakwisha, mama! Mwaka jana si tulikata minipa, wanawake kijiji kizima? Mbona imezidi?"

"Waulize samaki."

Atim alimwuliza jirani yao Nsa, mfanyakazi wa kitalu cha mikoko.

"Matunda ya minipa mliyoikata mliyapeleka wapi?" Nsa aliuliza.

"Tuliyatupa mtoni. Maji yakikupwa hubeba taka zetu zote."

"Na yakijaa?"

Atim aligeuka kuutazama mto.

Nsa alitumbukiza tunda la mnipa kwenye ndoo ya maji. Likaelea. Atim akalizamisha kwa kidole. Likaibuka. Akaligeuza. Chipukizi lilikuwa limeshachomoza.

"Kumbe lina safari zake hili!"

"Linaelea siku nyingi likiwa hai. Likikwama matopeni, linaota."

"Basi minipa tuliipanda wenyewe!"

"Tena kwa nyimbo," Mma Ekanem alisema kutoka mlangoni.

Nsa alicheka. "Sasa kateni matunda kabla hayajakomaa. Yapelekeni nchi kavu, yakauke, myachome. Ng'oeni miche michanga. Halafu pandeni mikoko palepale. Mkipaacha wazi, mnipa utarudi."

Wanawake walipanga zamu ya kila mwezi. Atim alibeba ndoo na tunda hadi kijiji cha jirani, maana matunda ya kule huletwa huku na maji. Kila mwanamke alitaka kulizamisha kwa kidole chake. Mwisho nao walianza kazi.

Mwaka wa nne, Mma Ekanem alishuka matopeni mwenyewe, akilalamikia magoti. Aliinama kwenye mizizi myembamba ya mikoko mipya, akatazama kwa muda mrefu. Konokono walikuwa wameng'ang'ania pale, wadogo kama punje za mahindi.

Atim alinyoosha mkono. Mma Ekanem akaupiga kofi.

"Waache wakue kwanza, wewe!"