Uvimbe wa Shangazi

Mwoka mikate alirudi nyumbani hoi, unga bado umemganda kwenye nyusi. Alitaka kitu kimoja tu: kujinyoosha kitandani.

"Usilale kwanza, baba watoto," mkewe alimwambia. "Mwangalie Shangazi."

Shangazi alikuwa mbwa wao. Walimwita hivyo kwa sababu alimfokea kila mgeni. Siku hizi hakumfokea mtu. Alijilaza mlangoni, akiramba uvimbe kwenye titi lake la nyuma.

Mwanzoni uvimbe ule ulikuwa mdogo kama harage. Mwoka mikate akaufunga kwa uzi, akidhani utakauka na kudondoka. Haukudondoka. Ulikua, ukawa kidonda, na sasa ulinuka.

"Tukamwache mbali huko," alisema kwa unyonge. "Asije akawaambukiza watoto."

"Tumlee miaka yote, leo tumtupe? Hata daktari hajamwona!"

Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alivaa viatu tena, akambeba mbwa, wakaenda.

Daktari wa mifugo alikuwa mama wa makamo, naye macho yamemwiva kwa uchovu. Aliukata uzi taratibu.

"Baba, uzi hautibu uvimbe. Unaongeza kidonda tu. Huenda hii ni saratani, lakini mbwa hamwambukizi mtu saratani. Watoto wako salama."

Alimpasua Shangazi siku ileile. Kisha akauweka uvimbe ndani ya chupa yenye dawa.

"Sasa huo si wa kutupa?" mwoka mikate akauliza.

"Hapana, unakwenda maabara. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo mno, macho hayavioni. Ndani ya seli kuna maagizo yanayoitwa jeni. Kwa maagizo hayo, seli hutengeneza protini. Protini ndizo zinazofanya kazi. Ziko zinazoiambia seli iongezeke, na ziko zinazoiambia itulie. Jeni zikiharibika, zile za kukuza huzidi, au zile za kutuliza hupungua. Basi seli zinaongezeka ovyo."

"Kama unga uliozidishiwa hamira," alisema, akipiga miayo.

"Umenipata! Sasa maabara watakata kipande chembamba na kukitia dawa. Penye protini wanayoitafuta patageuka rangi ya kahawia. Wanachunguza mbwa wengi hivyo, wajue uvimbe upi ni mkali na upi ni mpole."

Majibu yalipokuja, yalikuwa mazito. Ilikuwa saratani, na protini ya kukuza ilikuwa nyingi. Lakini uvimbe ulikuwa umetoka wote.

"Mwingine unaweza kuota," daktari alisema. "Kila mwezi mpapaseni matiti yote. Mkigusa kitu kigumu, njooni upesi. Msifunge, msikamue, msichome."

Mwoka mikate alishika neno. Hata siku ambazo mgongo ulimuuma, aliketi sakafuni na kumpapasa Shangazi, titi baada ya titi. Mwezi mmoja vidole vyake viligusa kitu kidogo kama punje ya mchele. Hakutafuta uzi. Alimbeba mbwa hadi kwa daktari, akaketi kwenye benchi kusubiri, na usingizi ukamchukua.

Safari hii uvimbe ulitolewa ungali mchanga. Maabara walisema haukuwa saratani.

Lakini hayo alikuja kuyasikia baadaye. Siku ile alisikia tu mkono begani.

"Amka, baba," daktari alimwambia. "Mgonjwa wako anataka kurudi nyumbani."