Sakafu ya Lieji katika Chumba cha Plamedie

Mwezi wa sita, asubuhi za Lubumbashi zina baridi kali. Katika nyumba ya Dieumerci na mke wake Albertine, kule mtaani Katuba, sakafu ni ya saruji. Binti yao Plamedie, mwenye miaka minne, alikuwa akiamka na kusimama juu ya godoro, hataki kushuka. Saruji ilimuumiza nyayo kwa baridi.

Dieumerci ni dereva wa lori la kuhamisha vyombo. Mwezi ule alihamisha ofisi moja mjini. Sakafu ya ofisi ile ilikuwa imeng'olewa na kurundikwa nje ili itupwe. Zilikuwa mbao pana, nyepesi, rangi ya asali, laini ukizibonyeza kwa kidole. Mwenye ofisi alimruhusu kuzichukua. Ilikuwa lieji, yaani gome la mti, lile linalotumika kutengeneza vizibo vya chupa za divai.

Jumapili Dieumerci alizipanga juu ya saruji ya chumba cha mtoto. Alizibana vizuri kutoka ukuta hadi ukuta, asiache hata nafasi ya kupitisha kisu. Hakuweka kitu chini yake. Alifikiri kwamba kama kizibo kinazuia divai isitoke kwenye chupa, basi maji hayawezi kuifanya lieji lolote.

Plamedie alifurahi. Alishuka kitandani peku na kucheza chini asubuhi nzima.

Kila Jumamosi Albertine aliosha nyumba kama alivyozoea. Alimwaga ndoo ya maji yenye sabuni, akayasukuma nje kwa rakleti, ule mpira wenye mpini. Aliosha chumba cha mtoto vilevile.

Mvua zikaanza. Kufikia mwezi wa kumi na mbili, sakafu ya lieji ilikuwa imeinuka katikati kama mgongo wa samaki. Chumba kilinuka kama nguo zilizosahaulika ndani ya beseni. Plamedie akaanza kukohoa, hasa alfajiri.

Dieumerci alimlaumu mke wake. Alisema ni ndoo zake ndizo zilizoharibu sakafu. Albertine aliacha kumwaga maji kwa wiki tatu. Mvua iliendelea kunyesha, na sakafu ikazidi kuinuka. Sasa Albertine naye akamlaumu mume wake: ameleta takataka ya watu nyumbani. Kwa siku kadhaa kila mmoja alikula bukari, yaani ugali, peke yake.

Kikohozi hakikuisha. Albertine alimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimsikiliza kifua, akampima joto, kisha akamgeukia mama.

"Chumba kwenye mutoto analala iko na harufu gani?" aliuliza.

Albertine alisema kinanuka unyevu. Alimweleza habari ya sakafu. Muuguzi alimpa dawa, lakini alimwambia wazi kwamba kuvu wa chumba chenye unyevu huchokoza kifua cha mtoto. Dawa peke yake haitatosha. Mtoto asilale tena mle mpaka chumba kikauke.

Jioni hiyo Dieumerci alianza kung'oa mbao azitupe. Jirani yao, Mama Martine, alimwona akitoka na ya kwanza. Mama Martine amefanya kazi miaka kumi na miwili katika villa moja ya mtaa wa Golf. Vyumba vya kulala vya villa ile vina lieji, na ni yeye anayeisafisha. Ameona pia mafundi wakiing'oa na kuipanga upya mara mbili.

Aliomba aione ile mbao. Upande wa juu ulikuwa safi. Upande wa chini ulikuwa mweusi, na ulilowesha kidole ukiugusa. Kisha akachukua kipande kilichobaki uani tangu mwezi wa sita, chini ya paa, akakitia ndani ya beseni la maji. Kilielea. Baada ya nusu saa alikitoa, akakikata kwa kisu. Ndani kilikuwa kikavu.

"Lieji hainywi maji mbio," alisema. "Ndani yake iko tuvyumba tudogo sana, tumefungwa, tumejaa hewa. Njo maana inaelea. Lakini ukiiacha mu maji siku nyingi, inakunywa polepole. Inavimba. Na pale hewa haipite, kuvu inaota."

Dieumerci aliuliza maji hayo yametoka wapi, kama si ndoo. Mama Martine alisema watapima. Aliomba mfuko safi wa plastiki. Aliupasua, akaipangusa saruji mahali palipokuwa wazi hadi ikauke juu, akaulaza hapo na kuubandika kwa utepe wa skochi pande zote nne. Akasema wasiuguse hadi kesho.

Kesho yake, aliporudi kutoka kazini, waliuangalia pamoja. Chini ya plastiki kulikuwa na matone ya maji.

"Hakuna muntu alimwanga maji hapa," alisema Mama Martine. "Maji iko inapanda toka chini, inapita mu saruji."

Walitoka nje. Maji ya paa yalikuwa yakianguka kando ya ukuta wa chumba kile na kutuama pale pale. Dieumerci alimgeukia Albertine.

"Basi nilikuonea bure," alimwambia mke wake.

Mama Martine hakutaka kosa liende upande mmoja. Aliwaonyesha mbao za karibu na mlango. Hizo zilikuwa zimevimba na kumeguka kwa juu, kwenye maungio, pale ndoo ilipokuwa ikimwagwa kila Jumamosi. Albertine alikubali. Kisha Mama Martine akawaeleza kwa nini sakafu iliinuka: lieji ikipata unyevu hupanuka kidogo, na hapa ukuta uliibana kila upande. Haikuwa na pa kwenda ila juu.

Kazi ilichukua karibu mwezi mzima. Plamedie alihamia chumba cha wazazi. Dieumerci alichimba mfereji kupeleka maji ya paa mbali na ukuta. Mbao zilizooza walizitupa. Nzuri walizipangusa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, wakazisimamisha sebuleni, madirisha wazi. Dieumerci alitaka kuzianika juani. Mama Martine alimkataza. Jua kali lingezikausha ghafla, zikajikunja na kupasuka.

Kila wiki walirudia jaribio la mfuko. Mara ya nne, plastiki ilitoka kavu.

Ndipo walipotandika plastiki nene juu ya saruji nzima, vipande vikipandana, pembe zake zikipanda kidogo ukutani. Juu yake wakapanga lieji. Safari hii Dieumerci alikata kingo kwa msumeno, akaacha nafasi ya upana wa kidole kuzunguka chumba chote. Mbao hazikutosha; kona moja, nyuma ya kitanda, ilibaki na plastiki tu.

Albertine aliweka ndoo kando. Sasa anafagia kwanza, kisha anapangusa kwa kitambaa alichokikamua hadi hakidondoki. Dirisha hulifungua kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado kubwa, sakafu ilikuwa imelala sawasawa. Harufu ilikwisha. Walirudi kwenye kituo cha afya, na muuguzi alikisikiliza kifua cha Plamedie kwa muda mrefu. Alisema kiko safi.

Jumapili moja Plamedie alikuwa amekaa chini chumbani mwake na kikombe cha chai ya maziwa. Kikombe kikapinduka. Albertine alisikia kutoka jikoni akainuka, lakini Dieumerci alikuwa amekwisha kupita mbele yake na kitambaa mkononi. Alipiga magoti, akaikausha chai yote, akapitisha kidole kwenye maungio kuhakikisha hakuna iliyobaki. Kisha akabaki hapo chini, akicheza na binti yake.