Inveta Ndani ya Mzinga

Kila mwezi wa Mei, mimi na mume wangu Tudose tunayafuata maua ya akasia. Tunavuta nyumba yetu ya magurudumu hadi msituni, karibu na mto Danube. Upande mmoja wa nyumba hiyo ni mizinga mitupu kwa safu; yenye nyuki tunaipanga nje. Upande wa pili tunalala sisi. Asubuhi mimi nasonga ugali wa mahindi, yeye anakagua nyuki. Tunakula na jibini, tunabishana kidogo, siku inakwisha.

Binti yetu Smaranda yuko Hispania. Anachuma nyanya, na amejifungua huko huko. Mjukuu wetu Ilinca ana miezi kumi na moja na sijawahi kumbeba. Nasema wazi: nilimtamani mtoto yule hadi kifua kikauma.

Smaranda hupumzika Jumapili tu. Adhuhuri hutupigia simu ya video. Kompyuta ndogo aliyotuachia ni kuukuu, haiwaki bila kuchomekwa kwenye umeme. Kwa hiyo Tudose akanunua inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya gari kuwa kama umeme wa nyumbani.

Aliifunga mwenyewe. Mume wangu ni bingwa wa kila kitu, muulizeni. Aliogopa nyuki wataingia kwenye matundu yake. Basi akaitia ndani ya mzinga mtupu, akafunika, akaziba mlango kwa tambara. Kisha akaiunganisha na betri kwa waya wa taa, mita nne nzima. Friji yetu ndogo nayo akaichomeka hapo hapo.

Jumapili ya kwanza tuliongea dakika tatu. Inveta ikalia, ikazima. Tudose akaiwasha, ikazima tena. Tukajifunza kuongea mbio mbio.

"Umekula? Mtoto ana meno? Unalala vizuri?"

"Ndiyo mama, na baba je, mgongo wa—"

Kimya. Hivyo hivyo wiki tatu.

Jumapili ya nne, Ilinca alikuwa amesimama, ameshika kiti.

"Mama, tazama! Anakiachia kiti! Anakuja!"

Piii. Kioo kikawa cheusi.

"Washa!" nilipiga kelele.

"Si ninawasha!"

"Washa tena, mwanamume wewe!"

Ndipo tukasikia harufu ya nta. Tudose akafunua mzinga. Nta ya zamani ilikuwa imeyeyuka kwa joto, inatiririka. Ganda la waya limelainika. Naye bado akanyoosha mkono abonyeze kitufe.

"Usiguse!"

Alikuwa Zenovia, mfugaji nyuki mwenzetu aliyepiga kambi jirani. Kabla ya kufuga nyuki alifanya kazi ya fundi umeme wa meli kwa miaka mingi. Kelele zangu zilimleta. Alichungulia mzingani, akacheka kwanza.

"Kaka Tudose, umeifungia kama malkia wa nyuki! Inveta inatoa joto. Inataka hewa."

"Nimekinga nyuki wasiingie."

"Na moto umeukinga? Izime. Chomoa kompyuta, chomoa na friji. Sasa fungua waya mweusi wa betri kwanza, ule wa hasi. Mwekundu baadaye."

"Kuna tofauti gani?"

"Ukianza na mwekundu, spana ikigusa chuma cha gari, cheche zitaruka. Na betri hutoa gesi inayoshika moto. Hiyo sigara yako ipeleke huko."

Tudose akaizima sigara. Zenovia akapima betri kwa mita yake ya umeme.

"Betri ni nzima. Umeme unapotea njiani. Waya ni mwembamba, tena mrefu. Na vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani. Friji ikianza kuvuta, umeme unaofika ni mdogo. Inveta inalia, inajizima."

"Nilidhani ni mbovu."

"Inajilinda, na wewe unailazimisha. Ikizima, tafuta sababu kabla ya kuiwasha. Na fyuzi iko wapi?"

Tudose akatazama viatu vyake. "Sikuweka."

"Waya ukichubuka, fyuzi ndiyo inayokata umeme. Bila hiyo mtaungua humu mmelala."

Nilichukua kalamu, nikaandika kwenye karatasi: fyuzi.

Jumatatu Tudose na Zenovia walikwenda mjini kununua vifaa. Kijitabu cha inveta kilieleza unene wa kebo na ukubwa wa fyuzi. Tudose alikuwa hajakifungua. Walisugua vichwa vya betri. Waliifunga inveta ukutani, pakavu, jirani na betri lakini si juu yake, na nafasi ya kiganja kila upande. Kebo nene, haifiki mita. Fyuzi wakaiweka kwenye kebo nyekundu, shubiri moja tu kutoka betri. Waya wa kuunganisha ganda la inveta na chuma cha gari haukusahauliwa. Kebo nyeusi ya betri waliifunga mwisho. Kwa ajili ya nyuki, dirisha liliwekwa wavu.

Friji ikanguruma. Zenovia akashika kebo.

"Baridi. Haya, msiifungue ndani kamwe, hata ikiwa imezimwa. Umeme hubaki humo."

Jumapili iliyofuata Ilinca alikuwa anatembea chumba kizima, anaanguka, anainuka. Hatua yake ya kwanza sikuiona, na sitaiona tena. Nililia mbele ya binti yangu bila haya.

Tuliuliza maswali yetu mbio mbio, kwa mazoea. Yakaisha. Tukasubiri ile piii. Haikuja. Dakika kumi, ishirini. Hatukuwa na la kusema tena.

"Haya mwanangu," nikasema, "nisikucheleweshe."

"Mama, usikate." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nataka kupika. Niache hapo mezani tu, niwasikie."

Akaanza kumenya viazi. Nami nikachukua kisu na viazi vyangu. Tudose akavuta kiti, akawa ananioshea vilivyomenywa. Tukamenya, yeye kule, mimi huku, hadi sufuria zote mbili zikajaa.