Tangi la Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi na mdogo wangu tulimwagilia miche ya Mama kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Kusema kweli, mimi nilimwagilia, yeye alisimamia. Ndiyo maana tulimwita Mheshimiwa. Alikuwa darasa la tano tu, lakini tayari alikuwa na maoni juu ya kila kazi, hasa kazi za wenzake.

Mwaka huo Mama alikuwa na michungwa ya kupandikiza aliyoilea kwa miaka miwili. Wateja wangeichukua mvua zikishaanza vizuri. Ikikauka kabla ya hapo, jasho lake lote lingekwenda bure.

Tulikuwa na matangi mawili ya kukingia maji ya paani. Kila msimu ulipokaribia tuliyasugua kuondoa tope la chini. Lakini Mama alikuwa na utaratibu wake: moja limwagwe na kusafishwa, la pili lisiguswe mpaka la kwanza lijae maji mapya. Jumamosi moja alimwachia Mheshimiwa kazi hiyo, akaenda sokoni.

Mheshimiwa alikuwa na mechi. Aliangalia mawingu meusi juu, akaona utaratibu wa Mama unapoteza muda, akafungua koki zote mbili. Niliporudi kutoka dukani nilikuta matangi matupu yanang'aa na ua umelowa mpaka mlangoni.

"Nimemaliza kazi yote kwa mara moja," aliniambia huku akifunga kamba za viatu. "Mvua ni leo au kesho."

Nilitamani kumzaba kibao. Mvua haikunyesha leo wala kesho. Mawingu yalikusanyika kila mchana, yakatutia hamu, kisha yakaenda zake. Mama hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alizunguka kitaluni akigusa majani yaliyoanza kujikunja, akisonya.

Baadaye akapanga upya. Miche ihamishiwe kivulini. Maji ya kusuuzia nguo yasimwagwe. Mheshimiwa akateke maji kwa jirani mwenye kisima, asubuhi na jioni, na habari za mechi asizitaje. Alibeba ndoo akilalamika njia nzima. Nami nilimfuata na ndoo yangu, nikilipia kosa lisilo langu, na nilikasirika kila nilipoona kisogo chake.

Kilichotumaliza kabisa ni mfereji. Mama alitaka tuchimbe mfereji kuzunguka kitalu, ili mvua ikija kubwa maji yapite pembeni. Hata mimi niliona sasa amezidi.

Mheshimiwa alitupa jembe chini. "Mama, hatuna hata maji ya kunawa, halafu tunachimba njia ya mafuriko?"

"Chimba," Mama akasema.

Tulichimba ardhi ngumu kama sakafu, tumenuna wote wawili. Miche kadhaa ilikufa, Mama akaing'oa. Mingi ilibaki, imedhoofu lakini hai.

Mvua ilikuja tulipokuwa tumekwishakata tamaa, na haikuja kistaarabu. Ilimwagika mchana kutwa. Tukiwa mlangoni, tuliona maji ya barabarani yakiteremka kuelekea kwenye michungwa. Yalifika kwenye mfereji, yakageuka, yakapita pembeni.

"Mnadhani nilijua itachelewa?" Mama akatuuliza. "Sikujua. Wala sikujua itakuja kwa nguvu hivi. Siku hizi mvua haitabiriki kama tulivyozoea. Kwa hiyo sipangi kwa lile ninalolitarajia peke yake. Napanga ili hata nikikosea, miche isife."

Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe hukukosea kudhani mvua iko karibu, mwanangu. Hata mimi nilidhani. Ulikosea kumwaga maji tuliyonayo kwa kutegemea maji ambayo hatujayapata."

Mheshimiwa aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Siku wateja walipokuja, alibeba miche mpaka kwenye gari mwenyewe, bila kumsimamia mtu.

Msimu uliofuata mawingu yalikuwa meusi tena, nami nilikuwa na haraka ya kumaliza usafi. Nilinyoosha mkono kwenye koki ya tangi la pili, nikakuta imefungwa kwa waya uliozungushwa na kukazwa mpaka hauonekani mwanzo wala mwisho.

"Dada," sauti ikasema nyuma yangu, "hilo bado."